Usingizi Mzito Una Mlinzi Wake

Haya ni mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni.

Juma hili ningependa tuzungumze juu ya kupumzika. Najua wapo watakaouliza iwapo hilo nalo ni jambo la kuzungumzwa redioni, katika nchi ambayo bado ina kazi nyingi ya kufanya. Nawaomba wavumilie kidogo. Siwatetei wavivu. Namzungumzia yule mtu anayepanda kitandani saa 4 za usiku, akaamka saa 12 asubuhi, kisha akaingia kwenye daladala hali amechoka kama aliyekesha msibani. Amelala saa nane kamili. Mbona mwili wake haukupumzika hata saa moja?

Swali hilo limewafanya baadhi ya wakazi wa miji yetu watafute dawa ya aina mpya. Jijini Dar es Salaam, kama ilivyo Nairobi, yapo madarasa ya yoga ambamo mtu hulipa ada, akatandikiwa mkeka, akawekewa mto chini ya magoti na kitambaa juu ya macho, akaambiwa alale kimya na kufuatisha pumzi zake. Hakuna kuruka wala kujipinda. Wenye shughuli hiyo huiita yoga ya kurudisha nguvu. Wapo wanaoisifu, na wapo wanaocheka wakisema, ama kweli dunia imekwisha, mtu analipa fedha ili akalale sakafuni!

Mimi sicheki, wala siharakishi kusifu. Kabla hatujaamua, hebu tuwaache kidogo hao wa mjini, tushike barabara ya kusini, tupite Mkuranga, tufike Kibiti, kisha tuteremke hadi Nyamisati na kuingia katika delta ya mto Rufiji. Huko wako watu ambao kwa miaka mingi wamelala huku wako macho. Tukiuelewa usingizi wao, tutauelewa na wa kwetu.

Mto Rufiji unapokaribia bahari hugawanyika mikono mingi, na katikati ya mikono hiyo umeota msitu wa mikoko wenye zaidi ya hekta 50,000, ulio mkubwa kuliko misitu mingine ya mikoko katika Afrika Mashariki. Katika ardhi hiyo ya tope, na katika bonde lililo juu yake, watu hulima mpunga. Lakini mpunga wa Rufiji una walaji wengi wanaomtangulia mwenye shamba. Mchana wako ndege na nyani. Usiku wako nguruwe-mwitu na viboko. Familia ikikosa kulinda usiku mmoja tu, jasho la miezi linaweza kuishia tumboni mwa kiboko.

Kwa sababu hiyo mkulima wa huko hujenga dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo za miti, katikati ya shamba. Jambo hili lilipata uzito zaidi baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, Serikali ilipowahamisha wakazi wengi wa bondeni na kuwaweka katika vijiji vya nchi ya juu. Nyumba zilihama, mashamba yakabaki bondeni. Basi mpunga unapokaribia kukomaa, watu huhamia madunguni kwa majuma kadhaa.

Sasa fikiria usingizi wa juu ya dungu. Mgongo umelala, masikio yanalinda. Kishindo kidogo majini, na mtu amekwisha kushika debe analipiga. Asubuhi ukimuuliza kama amelala atakujibu kwamba amelala, na hasemi uongo. Lakini mtazame macho yake.

Na kiboko si adui wa mwisho. Kati ya mwaka 2002 na 2004 simba mmoja dume alivisumbua vijiji vya Rufiji, na watu wapatao 35 walihesabiwa kuwa wameuawa naye hadi alipopigwa risasi mwezi Aprili 2004. Walipomchunguza walimkuta na jipu kubwa chini ya gego. Hata huyo mla watu, kumbe, alikuwa na maumivu yake. Mwaka uliofuata jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti wa Craig Packer na wenzake, wakiwamo Watanzania, ulioonyesha kuwa tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya watu 563 katika nchi yetu na kujeruhi wasiopungua 308. Mashambulizi yalizidi majira ya mavuno. Nguruwe hufuata mazao, simba humfuata nguruwe, na katikati yao amelala mkulima anayelinda shamba lake.

Ndugu msikilizaji, mtu wa namna hiyo ukimwambia afumbe macho, alegeze mabega na kuwaza mambo mazuri, atakushangaa. Mwili wake una akili kuliko wewe. Unakataa kulala fofofo kwa sababu ukilala fofofo utaliwa.

Wanasayansi wameliona jambo hili hata kwa watu ambao hawajawahi kumwona simba. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, huko Marekani, walionyesha kuwa mtu anapolala mahali pageni usiku wa kwanza, upande mmoja wa ubongo wake haulali sawasawa na mwenzake. Hubaki ukisikiliza. Pomboo, wanaoonekana katika bahari hiyo hiyo ya Mafia na Rufiji, huishi hivyo siku zote. Nusu ya ubongo hulala, nusu inakaa zamu. Sisi binadamu hatukuumbwa kuishi hivyo mwaka mzima.

Mnyama akiuawa au mpunga ukivunwa, hofu hiyo ina mwisho wake. Iko hofu nyingine ambayo haina majira. Kati ya mwaka 2015 na 2017, katika wilaya za Mkuranga, Kibiti na Rufiji, watu zaidi ya 30 waliuawa, wengi wao kwa risasi. Walikuwamo askari polisi, wenyeviti wa vijiji na vitongoji, na viongozi wa chama tawala. Tarehe 13 Aprili 2017 askari wanane waliuawa kwa siku moja katika wilaya ya Kibiti. Mwaka huo huo pikipiki zilipigwa marufuku kutembea kuanzia saa 12 jioni hadi alfajiri. Mwezi Novemba mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiandika juu ya mauaji hayo, alitoweka Kibiti, na hadi leo hajaonekana. Mauaji yale yalikoma. Lakini je, mtu aliyezoea kusikiliza mlango kwa miaka miwili, sikio lake hulala siku ile ile risasi zinapokoma?

Halafu yakaja maji. Mwezi Aprili 2024 mvua zilikuwa kubwa, Bwawa la Julius Nyerere lilijaa na maji yake yakalazimika kuachiwa, na mto Rufiji ukafunika mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Kabla watu hawajafuta machozi, mwanzoni mwa Mei kikaja kimbunga Hidaya. Tangu hapo mtu wa bondeni akisikia mvua juu ya makuti, mvua ambayo zamani ilikuwa ikimbembeleza, anaamka kupima maji kwa mguu.

Sasa tuangalie ndani ya mwili. Mwenyezi Mungu ameweka ndani yetu mishipa ya fahamu inayofanya kazi bila kuamrishwa, nayo ni ya makundi mawili. Kundi la kwanza ni la hatari. Likiamka, moyo hupiga haraka, misuli hukaza, tumbo husimamisha kazi yake, na mtu huwa tayari kukimbia au kupigana. Kundi la pili ni la utulivu. Hilo hupunguza mwendo wa moyo, huruhusu chakula kusagwa, na kuupa mwili nafasi ya kujitengeneza. Hatuwezi kuliamuru kundi la pili kwa mdomo. Huingia kazini pale mwili unapoamini kuwa hatari imepita.

Hapo ndipo tulipo sisi wa mjini. Mtu wa Dar es Salaam hana kiboko shambani, lakini ana kodi ya nyumba, ana ada ya shule, ana mkopo unaomsubiri mwisho wa mwezi, na simu inayolia chini ya mto. Mwili haujui kutofautisha sana kati ya simba na mdai. Kundi la hatari linaamka kwa wote wawili. Simba huondoka alfajiri, lakini mdai wetu tumemlaza kitandani pamoja nasi. Kwa hiyo yule ndugu wa daladala niliyemtaja mwanzoni amelala saa nane juu ya dungu lake mwenyewe, katikati ya mji.

Sasa turudi kwenye yoga. Ilianza India, na kitabu kimoja cha karne ya 15, Hatha Yoga Pradipika, kinaeleza mlalo wa chali kama maiti, ambao huondoa uchovu na kutuliza moyo. Katika karne ya 20 mwalimu B.K.S. Iyengar wa mji wa Pune, aliyefariki mwaka 2014, alianza kuwategemeza wanafunzi wake kwa viti, mito, kamba na vipande vya mbao, ili hata mgonjwa na mzee waweze. Mwanafunzi wake Mmarekani, Judith Lasater, akaiandikia yoga hiyo ya kupumzika kitabu mwaka 1995. Upande mwingine, bila kupitia India, daktari Edmund Jacobson wa Chicago aliandika mwaka 1929 kwamba mtu hawezi kulegeza msuli asioujua kuwa umekaza, akawafundisha wagonjwa kukaza na kulegeza kiungo kimoja kimoja. Mwaka 1975 daktari Herbert Benson wa Harvard alieleza kuwa mtu akikaa kimya na kurudia neno moja kwa utulivu, moyo na pumzi zake hupungua mwendo.

Wapo watakaosema hii ni dini ya watu. Ni swali la haki, na halifai kupuuzwa, hasa katika pwani yetu. Yoga ina mizizi yake katika imani za India, na yapo madarasa yanayofundisha mizizi hiyo. Asiyeitaka asiifuate. Lakini kulala chali na kutoa pumzi taratibu havina hati ya kumiliki. Waislamu wa delta wanaujua usingizi wa kailula wa mchana, na wanajua kubaki juu ya msala na tasbihi baada ya sala. Wakristo wanayajua mafungo. Wazee wetu walikuwa na baraza, ambapo mtu angeweza kukaa saa nzima bila kuulizwa anafanya nini. Tuliyaita hayo kupoteza muda, na sasa tunayanunua.

Anayetaka kujaribu hahitaji ada. Tandika mkeka mahali tulivu. Lala chali, uweke miguu juu ya kiti ili magoti yakunjike na kiuno kishuke chini. Kunja khanga moja uweke chini ya kichwa, nyingine ujifunike, maana mwili ukitulia hupoa. Simu iwe chumba kingine. Vuta pumzi kwa puani ukihesabu hadi nne, itoe ukihesabu hadi sita. Hilo lina sababu yake: tukivuta pumzi moyo huongeza mwendo kidogo, tukitoa hupunguza. Kisha anzia vidoleni, kaza, legeza, panda hadi kwenye taya na paji la uso. Mawazo yatakuja. Usipigane nayo, rudi kuhesabu. Dakika 20 zinatosha. Ukimaliza geuka ubavu, ngoja kidogo, ndipo uinuke.

Mama mjamzito wa miezi ya mwisho asilale chali, alale ubavu wa kushoto. Mwenye shinikizo la damu asiache dawa zake kwa ajili ya mkeka. Anayekoroma hadi kukabwa na pumzi aende hospitali. Na aliyewahi kupatwa na jambo la kutisha asilazimishwe kufumba macho, kwa kuwa wengine wakifumba ndipo wanapoyaona. Huyo akae, mgongo ukutani, macho wazi, aone mlango ulipo. Hofu ikizidi aache, atafute mtu wa kuzungumza naye.

Hapa tunao mfano wa jirani. Huko Rwanda wanawake walionusurika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, wengi wao wakiishi na virusi vya UKIMWI, walifundishwa yoga na mradi ulioitwa Project Air. Lakini yoga ile ilikwenda pamoja na kliniki na dawa, tena katika nchi ambako bunduki zilikuwa zimenyamaza. Mkeka ulikuja baada ya ulinzi. Haukutandikwa badala yake.

Hilo, ndugu msikilizaji, ndilo ninalotaka tubaki nalo. Pumziko la kweli lina walinzi wawili. Yuko mlinzi wa ndani, huyo tunayeweza kumfundisha kwa pumzi na mkeka kwamba sasa anaweza kuketi. Na yuko mlinzi wa nje, ambaye hatuwezi kumpata kwa kufumba macho. Madunguni watu wanamjua vizuri. Wakiwa wawili hupokezana, mmoja akilala mwingine ameshika debe. Anayelala hulala kwa sababu anamwamini aliye macho. Anayelinda peke yake hana zamu ya kulala.

Mtu wa Kibiti na wa Rufiji anamhitaji huyo mlinzi wa nje kwa vitendo. Anahitaji taarifa ya kuachiwa maji imfikie mapema, kwa simu, kwa redio na kwa mjumbe wa kijiji, kabla maji hayajafika mlangoni. Anahitaji askari wa wanyamapori anayefika nguruwe na simba wanapoanza kuonekana, asingoje hadi mtu aliwe. Anahitaji kujua kwamba aliyepotea atatafutwa. Hizo zote ni huduma za usingizi, ingawa hakuna bajeti inayoziita hivyo. Tukimpelekea mwalimu wa yoga bila hayo, tutakuwa tunamwambia alale huku kiboko yumo shambani.

Na sisi wa mjini tusidhani kwamba hilo ni la delta peke yake. Ukitoka nyumbani asubuhi, mtazame mlinzi wa geti. Amekesha ili wewe ulale. Je, yeye analala lini? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mfanyakazi apate angalau saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na saa 24 mfululizo kila juma. Wangapi kati yetu tuliompangia mlinzi zamu tumezihesabu saa hizo? Wapo wanaotoka geti hili asubuhi wakaingia geti lingine jioni, kwa kuwa mshahara wa geti moja haumalizi mwezi. Na msichana wa kazi anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho, zamu yake anapokezana na nani?

Basi anayependa yoga na aende, na asiye na ada atandike mkeka wake nyumbani. Akishalala na pumzi zikatulia, amkumbuke aliye macho kwa ajili yake, na akiamka ampe zamu yake ya kulala.